Boti ya okazyo ziwani: anayelipa si yeye anayezama

Kwenye pwani za ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, boti iliyokwisha kutumika inauzwa kama pikipiki ya okazyo. Muuzaji na mnunuzi wanakutana, wanaizunguka, wanabishana bei, wanalipana mbele ya mashahidi wawili au watatu, na siku chache baadaye boti inapakia watu. Jina la zamani linafutwa, rangi mpya inapakwa. Moteri inawashwa mara moja hapo ukingoni, inanguruma, na kila mtu anakubali kwamba ni nzima.

Sehemu mbili hazitazamwi na mtu: ile iliyo chini ya maji, na ile iliyo chini ya mbao za sakafu. Ng'ombe sokoni hufunguliwa kinywa ahesabiwe meno. Boti itakayobeba watu mia moja hainyanyuliwi hata kidogo.

Na boti hiyo ndiyo itakayobeba mama anayetoka Minova na magunia yake, mwanafunzi anayerudi Bukavu, mgonjwa anayetafuta hospitali Goma, mfanyabiashara wa Baraka anayeteremka Kalemie. Hao hawakuwepo siku boti iliponunuliwa. Hakuna aliyewauliza kitu.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, ikiwa imebaki kidogo tu ifike, watu wakiitazama kutoka ukingoni. Liwali wa Kivu ya Kusini alisema ilikuwa na watu 278, ilhali ilitajwa kwamba ilitengenezwa kubeba kama 80. Wengi wao walipita majini kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara. Hesabu ya waliokufa ilitofautiana kulingana na aliyesema, na jamaa nyingi zilizika bila kujua kama idadi yote ilipatikana.

Kabla ya hapo, Aprili 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe na watu zaidi ya mia moja wakapotea. Rais Félix Tshisekedi alifika hapo mwenyewe, na ikatangazwa kwamba kila msafiri lazima avae jile ya kuokolea. Desemba 2014, kwenye ziwa Tanganyika, MV Mutambala ilipinduka na watu 129 wakafa.

Baada ya kila ajali, maneno yanakuwa yale yale: watu walipita kiasi, jile hazikuwepo, safari ilikuwa ya usiku, upepo ulikuwa mkali. Yote hayo yanaua kweli. Lakini kuna swali linalotangulia, ambalo haliulizwi karibu kamwe, na halihusu ajali moja wala boti moja: boti zinazobeba raia kila siku zilinunuliwa kwa nani, na nani alizitazama tumbo kabla pesa hazijatoka mfukoni?

Jibu la kweli kwa boti nyingi ni kwamba hakuna aliyetazama. Hapo ndipo sheria ya kwanza ya usalama wa ziwa ingepaswa kuanzia: boti iliyokwisha kutumika isihamie kwa mwenyewe mpya, na isipakie abiria hata mmoja, kabla haijapandishwa nchi kavu na kukaguliwa na fundi ambaye halipwi na muuzaji.

Wanaovuka bahari wananunua vipi

Mfano unaofaa unatoka mbali, kwa watu wasiofanana kabisa na wasafiri wa Kituku. Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaonunua mashua za tanga ili wavuke bahari kubwa. Wengi wao si matajiri wa kupindukia. Ni walimu waliostaafu, mafundi, watu na wake zao waliouza nyumba. Hawawezi bei ya mashua mpya, kwa hiyo wananunua ya okazyo. Mashua za faiba zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980 zinavuka Atlantiki hadi leo, na zimepita mikononi mwa wenyewe watano au sita.

Lakini tazama namna wanavyonunua. Mnunuzi anataja bei na kutoa avansi, na karatasi inaandikwa kwamba bei hiyo ina sharti: ukaguzi. Mashua inanyanyuliwa kutoka majini kwa winchi au kreni. Mkaguzi, ambaye analipwa na mnunuzi mwenyewe, anaizunguka na nyundo ndogo, anagonga kila sehemu ya tumbo na kusikiliza. Mahali pazima panalia kwa sauti kali. Mahali palipoachana au paliponyonya maji panatoa sauti nzito, kama kugonga kiazi kilichooza. Anatafuta malengelenge kwenye faiba. Anatazama mkuku, ule uti wa mgongo wenye uzito wa chuma au risasi unaozuia mashua isipinduke, na boliti zinazoushika. Anafungua na kufunga kila robine iliyo chini ya maji. Anatazama kamba za chuma zinazoshika mlingoti. Zikifika miaka kumi au kumi na tano, mwenyewe anaambiwa azibadilishe hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Mafuta ya moteri yanaweza kuchukuliwa kidogo na kupelekwa kupimwa, yaonyeshe kama kuna unga wa chuma ndani.

Halafu mashua inarudishwa majini na kujaribiwa safari, si dakika tano ukingoni, bali masaa, moteri ikifanya kazi kwa nguvu zote.

Mwisho mkaguzi anaandika ripoti. Mnunuzi anaisoma na kuchagua: kununua, kupunguza bei kwa sababu ya kasoro, au kuchukua avansi yake na kwenda. Wengi wanakwenda. Hakuna anayeona haya, wala muuzaji hasemi kwamba ametukanwa.

Je, watu hao wana akili kuliko wafanyabiashara wa Goma, Bukavu au Uvira? Hapana. Kuna mambo mawili tu yanayowasukuma. La kwanza ni asiransi: kampuni za bima kwa kawaida zinakataa kuandika mashua ya zamani bila ripoti ya mkaguzi, na bandari nyingi zinakataa mashua isiyo na bima. La pili ni rahisi zaidi: mnunuzi mwenyewe ndiye atakayelala ndani ya mashua hiyo katikati ya bahari, yeye na mke wake na watoto wake. Akidanganyika, atazama yeye.

Mashua yenye jina la rafiki

Hata kwa uangalifu huo wote, kasoro iliyojificha inaua. Mwaka 2014 mashua moja ya Uingereza iliyoitwa Cheeki Rafiki, jina ambalo nusu yake kila msomaji wa Kiswahili analielewa, ilikuwa inarudi kutoka kisiwa cha Antigua kwenda Southampton ikiwa na mabaharia wanne. Haikuwa mzee, ilitengenezwa mwaka 2006. Katikati ya Atlantiki ikaanza kuingiza maji. Mei 16 mawasiliano yakakatika. Baadaye ilikutwa imepinduka, mkuku wake umeng'oka. Mashua ya uokozi ilikuwa bado imefungwa mahali pake. Hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyepatikana.

Wachunguzi wa ajali za majini wa Uingereza waliandika kwamba mashua hiyo ilikuwa imewahi kugonga chini mara kadhaa, na kwamba migongano hiyo pamoja na matengenezo yaliyofuata huenda ilidhoofisha mahali mkuku ulipounganishwa na tumbo. Kwa maneno mengine, kilichowaua kinaweza kuwa kilianza kabla ya safari ile, siku ambayo mashua iligusa mchanga na mtu akasema si kitu.

Boti za Kivu na Tanganyika zinagusa mchanga na mawe kila siku. Bandari nyingi ndogo hazina gati. Boti inaingizwa kichwa ukingoni, inapakuliwa, inasukumwa. Kama kugusa chini mara chache kunaweza kumaliza mashua ya faiba, mtu ajiulize nini kinatokea kwa mbao zilizopigiliwa misumari baada ya miaka kumi ya kazi hiyo. Na mnunuzi wa pili au wa tatu hana daftari linalomwambia iligonga wapi, lini, na nani aliitengeneza.

Maji matamu, misumari na moteri

Kuna watu wanaofikiri kwamba ziwa ni rahisi kuliko bahari, kwa hiyo boti ya ziwani haihitaji ukaguzi mkali. Kwa mbao, mambo ni kinyume. Maji ya chumvi huzuia kuvu wanaoozesha mbao. Ndiyo maana baadhi ya wajenzi wa meli za mbao za zamani huko Marekani walikuwa wakijaza chumvi katikati ya mbavu za meli. Maji matamu ya mvua hayana msaada huo. Mbao inayokaa ndani ya maji siku zote haiozi haraka sana. Inayooza ni ile inayolowa na kukauka, kulowa na kukauka: kwenye mstari wa maji, chini ya sakafu ambako mvua inakusanyika, kwenye pembe zisizopata hewa, na kwenye mbao ya nyuma ambako moteri imefungwa. Kule kwenye mvua ya Kivu, pembe hizo hazikauki karibu mwaka mzima.

Kwa hiyo ukaguzi wa boti ya mbao hauhitaji mashine kutoka Ulaya. Unahitaji boti ipandishwe ukingoni kwa magogo na mikono ya watu, iachwe ikauke siku mbili tatu, sakafu yote ing'olewe. Fundi agonge kila ubao kwa nyundo. Achome ncha ya kisu kwenye pembe. Kisu kikiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, ubao umekufa. Ang'oe misumari michache hapa na pale aone kama bado ni chuma au ni kutu tu yenye umbo la msumari. Atazame pamba na lami kati ya mbao. Na rangi mpya kabisa iwe sababu ya kuuliza, si ya kufurahi. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye soko la boti, kibaya kinapakwa rangi kwanza.

Moteri nayo ina siri yake. Ziwa Kivu liko mita karibu 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 1 ya nguvu yake kwa kila mita 100 za mwinuko. Moteri inayouzwa kwa nguvu zilizoandikwa kwenye kifuniko chake, kwenye Kivu inafika ikiwa imekwisha kupoteza kama sehemu moja ya saba, hata ikiwa mpya kabisa. Ikiwa ya okazyo, imechoka, inapoteza zaidi. Siku ya maji tulivu hakuna anayehisi. Siku upepo unapoteremka kutoka milimani, patroni anahitaji nguvu ya kushika kichwa cha boti kielekee mawimbi. Nguvu ikikosekana, boti inageuka ubavu, na wimbi la ubavuni ndilo linalopindua.

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi: idadi ya watu iliyoandikwa kwenye makaratasi. Idadi hiyo iliwekwa boti ilipokuwa mpya, na umbo lake la kwanza. Mwenyewe wa pili anaongeza mbao kando ili ibebe magunia zaidi. Wa tatu anajenga kibanda juu, watu wakae na juu yake. Kila kilo inayopanda juu inafanya boti iwe nyepesi kupinduka. Lakini karatasi inabaki na nambari ile ile ya zamani, na nambari hiyo sasa ni uongo, hata kama hakuna mtu mmoja aliyezidi.

Na hilo pia linaweza kupimwa bila mashine. Boti ikiwa kwenye maji tulivu, jiwe linafungwa kwenye kamba ndefu na kuning'inizwa katikati. Magunia ya simenti ya kilo 50 yanahamishwa kutoka katikati kwenda upande mmoja, moja baada ya jingine, na mtu anapima kamba imesogea kiasi gani. Wajenzi wa meli kubwa duniani wanatumia njia hiyo hiyo kujua kama meli itasimama au itapinduka. Boti inayolala sana kwa magunia machache itafanya nini abiria wote wakikimbilia upande mmoja kutazama bandari?

Umri peke yake hauui

Mtu asielewe kwamba boti ya zamani ni lazima itupwe. Ziwa Tanganyika lenyewe lina jibu. Meli Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, lakini kwanza walipaka mashini zake grisi nene. Waingereza waliinyanyua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Imebeba vizazi na vizazi vya watu wa ziwa hilo, wakiwemo wakimbizi wa Kongo waliorudishwa nyumbani.

Chombo kilicholala chini ya ziwa miaka kadhaa kiliweza kurudi kubeba watu, kwa sababu kabla ya kukirudisha kazini mafundi walikifungua na kukitazama chote, na baadaye kiliendelea kutengenezwa. Boti ya okazyo inaweza kuwa nzuri kuliko mpya. Hatari ni boti ambayo hakuna anayejua hali yake, halafu inapakiwa kama vile inajulikana.

Wanaopinga wana hoja zao

Wenye boti watasema kwamba ukaguzi ni gharama. Ni kweli. Boti ikikaa nchi kavu siku tatu haiingizi hata franka moja, na vibarua wa kuipandisha wanataka kulipwa. Lakini gharama hiyo inakuja mara moja, wakati wa kununua, na inapunguza bei kama kasoro ikionekana. Mnunuzi anayekataa kulipa fundi wa siku tatu anakubali kulipa boti nzima kwa kitu asichokijua. Mfanyabiashara wa maharagwe hafanyi hivyo. Anachoma gunia kwa kijiti aone ndani kabla ya kununua.

Wengine watasema: tatizo ni kupakia kupita kiasi, si mbao. Hayo mawili hayaachani. Boti nzima iliyozidishwa inaweza kufika kwa bahati. Boti iliyooza ikizidishwa haina bahati ya kutegemea. Zaidi ya hayo, hakuna anayeweza kusema ni wangapi wamezidi kama idadi ya haki ya boti hiyo haijawahi kupimwa tangu mwenyewe wa kwanza.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, na raia wanaisema bila kuficha: mkaguzi atakula rushwa, karatasi itauzwa, na ukaguzi utakuwa kodi moja zaidi juu ya nyingi zilizopo. Historia ya mambo ya bandari inawapa haki ya kuogopa. Kwa hiyo ukaguzi usiwe karatasi inayofungiwa ofisini. Ufanyike mchana, ukingoni, boti ikiwa wazi, mbele ya chama cha wenye boti, wauzaji wa soko na wajumbe wa shirika la raia. Fundi anayekagua atoke bandari nyingine, asiwe yule aliyeitengeneza. Jina lake liandikwe kwenye ripoti, na nakala ibandikwe pale tiketi zinapouzwa. Mtu anaweza kununua muhuri. Ni vigumu zaidi kununua macho ya watu hamsini walioona kisu kikiingia kwenye ubao.

Kuna pia wanaosema kwamba wakati wa vita si wakati wa kuongea juu ya mbao na misumari. Lakini vita ndiyo iliyowasukuma watu majini. Barabara ikifungwa, ziwa linakuwa barabara, na boti ambayo zamani ilibeba ndizi inaanza kubeba familia. Mahitaji yakipanda, boti zilizokuwa zimeachwa ukingoni zinapata wanunuzi haraka. Wakuu wa bandari wanaweza kubadilika. Maji hayaangalii bendera ya nani inapepea. Yeyote anayekusanya kodi kwenye bandari ameshika pia deni la maisha ya wanaopita hapo.

Somo la meli za jeneza

Uingereza yenyewe haikuzaliwa na usalama. Katika karne ya 19 wako wafanyabiashara waliotumia meli kuukuu, walizipakia mpaka karibu zifunikwe na maji, na kuziandikia bima kubwa. Meli ikifika, wanapata faida ya mizigo. Ikizama, wanalipwa na bima. Mabaharia waliziita meli za jeneza. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipiga kelele miaka kadhaa bungeni, akachukiwa na wenye meli, wengine wakiwa wabunge wenzake. Mwaka 1876 sheria ikapita: kila meli ichorwe mstari kwenye ubavu wake unaoonyesha mwisho wa kupakia.

Lakini sheria ya kwanza ilikuwa na tundu. Ilimwacha mwenye meli achague mwenyewe mahali pa kuchora mstari. Ilichukua miaka mingine mingi kabla mahali hapo hapajawekwa na sheria, kwa vipimo, si kwa utashi wa tajiri. Mstari uliochorwa na anayefaidika haukumlinda mtu.

Hilo ndilo somo kwa Kivu na Tanganyika. Jile zimetangazwa kuwa lazima, safari za usiku zimekatazwa mara nyingi, na raia wanajua namna matangazo yanavyoisha. Ukaguzi wakati wa mauzo una nguvu ambayo matangazo hayana, kwa sababu unashika jambo wakati pesa bado iko mezani. Siku hiyo mnunuzi ana nguvu kuliko siku nyingine zote. Akishalipa, atatetea boti yake dhidi ya kila mkaguzi, kwa sababu amekopa ili ainunue na lazima irudishe deni.

Mambo matatu yangetosha kuanzia. Kwanza, hati ya mauzo ya boti ya abiria isitambuliwe na mkuu yeyote wa bandari kama haina ripoti ya ukaguzi uliofanywa nchi kavu. Pili, kila mauzo yafute idadi ya zamani ya abiria. Idadi mpya ipimwe, na mstari uchorwe ubavuni kwa rangi inayoonekana kutoka ukingoni, ili hata mtoto aone kama umezama. Tatu, kila boti iwe na daftari lake linalouzwa pamoja nayo: imetengenezwa wapi, imegonga wapi, ubao gani umebadilishwa, na nani. Boti isiyo na daftari iuzwe kwa bei ya kuni.

Na kwa kuwa ziwani hakuna kampuni ya bima ya kulazimisha, nguvu hiyo inaweza kutoka kwa wafanyabiashara wenye mizigo. Mwenye magunia mia mbili ya maharagwe ana haki ya kuuliza ripoti kabla ya kupakia. Siku wauzaji wakubwa wa Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie wakikataa boti isiyo na mstari, wenye boti wataupaka kabla serikali haijaandika barua.

Anayenunua mashua ya kuvuka Atlantiki anaikagua kwa sababu atakuwa ndani yake usiku wa dhoruba. Anayenunua boti ya Kituku au ya Baraka mara nyingi anabaki nyumbani, akingoja patroni amletee pesa za jioni. Huko majini yuko mama na magunia yake, hajui jina la zamani la boti, hajui rangi imefunika nini. Kama mnunuzi hatalala ndani ya boti hiyo, basi sheria imlazimishe kuikagua kana kwamba watoto wake ndio wa kwanza kupanda.